Shangazi Anajibu: Nimemsomesha, mbona hata asante hasemi?

Haya jamani, tangu tutangaze kwamba safari hii tunapokea maswali ya sadaka na shukrani simu yangu haijapumzika. Nimechagua machache, mengine nimeyapunguza maana yalikuwa marefu kuliko majibu yenyewe, na majina yote nimeyatoa. Wanaoniandikia wapo Waislamu, wapo Wakristo, wengine hawasemi wao ni nani, kwa hiyo nitajibu huku na huku, usije ukaniuliza mbona umetaja Kurani au mbona umetaja Biblia, chukua kinachokuhusu.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ndo mtoto wa kwanza kwetu. Mdogo wangu wa kiume nimemlipia ada toka sekondari mpaka chuo, mwaka mwingine nikakopa, mwaka mwingine nikauza vitu vyangu vya ndani, mume wangu akawa ananuna ila nikavumilia. Kamaliza, kapata kazi nzuri. Siku ya sherehe ya kuhitimu akashika maiki akashukuru walimu, akashukuru marafiki, akashukuru mpaka bosi wake mpya, mimi nimekaa pale mstari wa mbele hata jina sikutajwa. Toka hapo nikimpigia hapokei, anajibu kesho yake "nilikuwa bize". Sasa mdogo wetu wa mwisho naye anaanza chuo na wote wananiangalia mimi. Nimemwandikia yule wa kwanza meseji ndefu ya kumkumbusha nani alimfikisha hapo alipo, bado sijaituma. Niambie niitume, na huyu wa mwisho nimwambie mlango umefungwa, maana nimeshajifunza. (Dada mkubwa)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole, maana hiyo ya maiki hata mimi ingeniuma. Kukaa mstari wa mbele umevaa ukapendeza halafu unasikia anashukuriwa bosi wa juzi juzi sio jambo dogo.

Ila hiyo meseji usiitume. Sikatai, kila neno lililomo ni kweli, ulimlipia, ulikopa, uliuza vitu, lakini ndo hapo penyewe tatizo lilipo, kwa sababu masimango siku zote huwa ni ya kweli, mtu hasimangwi kwa kitu ambacho hakupewa. Kwenye Sura Al-Baqara aya ya 264 waumini wanaambiwa wasiziharibu sadaka zao kwa masimbulizi na udhia, na mfano uliotolewa pale ni jabali lenye udongo juu yake, ikapiga mvua kubwa, udongo wote ukaenda likabaki jiwe tupu. Sasa hebu fikiria, ada ya miaka yote hiyo unataka kuifuta kwa meseji moja ya saa tano za usiku? Na yeye akishaisoma hatakumbuka tena ulichomlipia, atakumbuka ulichomwandikia, ataionyesha na kwa mchumba wake, na mjadala wa ukoo mzima utakuwa maneno yako na sio ukimya wake.

Kuna mtu alifanyiwa baya kuliko lako nataka umjue kama ulikuwa humjui. Abubakar Sidiki, swahiba wa Mtume, alikuwa anamtunza ndugu yake mmoja fukara anaitwa Mistah, anampa matumizi. Ikatokea ile fitina ya kumsingizia uzinzi Bi Aisha, mke wa Mtume, na Aisha ni binti yake Abubakar, na huyo Mistah anayekula kwa mkono wake naye akawa miongoni mwa wanaoyasambaza maneno. Yaani mtu unamlisha halafu anamchafua mwanao. Aisha alipotakaswa Abubakar akaapa kwamba Mistah hatopata kitu tena kutoka kwake, na hivi kuna mzazi gani angemlaumu? Lakini ikashuka aya, ipo kwenye Sura An-Nur, ya 22, kwamba wenye wasaa wasiape kuacha kuwapa jamaa zao na masikini, wasamehe na waachilie mbali, halafu wanaulizwa, kwani nyinyi hampendi Mwenyezi Mungu awasamehe? Abubakar akasema anapenda, akarudisha yale matumizi. Angalia vizuri, haijasemwa pale kwamba Mistah alikuwa sawa, na haijasemwa kwamba Abubakar hakuumia. Alichokatazwa ni kugeuza mkono wake unaotoa kuwa fimbo ya kumchapia mtu.

Na kwa Wakristo, wale wakoma kumi wa Luka 17. Wote kumi walipona, akarudi mmoja tu kushukuru, na huyo mmoja alikuwa Msamaria, mtu wa nje. Yesu akauliza wale tisa wako wapi, maana yake kukosa shukrani alikuona na akakisema wazi, hakujifanya hakuna kitu. Ila tafuta kwenye ile sura yote, hakuna mahali palipoandikwa kwamba wale tisa ukoma uliwarudia. Walitoka bila asante na walibaki wazima.

Kwa hiyo mimi nasema hivi, asante ni deni la aliyepokea, atalijibu yeye, lakini sio mshahara wa aliyetoa. Ukishaigeuza mshahara utaanza kuhesabu umelipwa kiasi gani, leo katajwa fulani wewe hujatajwa, na utaishi na uchungu mpaka uzeeni.

Sasa usinielewe vibaya, sijakwambia ukae kimya kama jiwe. Kuumia unaruhusiwa na kusema unaruhusiwa. Tafuta siku mkae ana kwa ana, sio kwenye grupu la familia nakuomba, umwambie tu "siku ile ya sherehe niliumia, na hivi unavyonikwepa inaniuma zaidi", halafu unyamaze umsikilize. Ada usiitaje, anaijua. Mara nyingine, na hili nimeliona kwa familia nyingi, mtu anayekwepa simu za aliyemsaidia sio kwamba amesahau, ni kwamba anakumbuka kupita kiasi, kila akiona jina lako kwenye simu anahisi anadaiwa na hajui ataanzia wapi kulipa. Haimpi haki ya kukukwepa, ila inasaidia kujua unaongea na mtu wa aina gani.

Huyu wa mwisho usimhukumu kwa kosa la kaka yake, hajakufanyia lolote. Kaa na mumeo, nasisitiza na mumeo, maana yule aliyekuwa ananuna naye ana haki yake na dini zote mbili zinamtaka mtu aanze na walio nyumbani kwake, muangalie uwezo wenu kwa kalamu na karatasi. Kama mnaweza nusu, mseme nusu, na nusu nyingine yule mwenye kazi nzuri aombwe, aombwe na wazazi au na wakubwa wengine, sio na wewe. Kama hamuwezi kabisa semeni hamuwezi. Kusema "sina" sio dhambi.

SWALI: Shangazi heshima yako. Mimi niko upande wa pili, mimi ndo niliyesaidiwa. Baba mkubwa alinilea baada ya wazazi wangu kufariki, namheshimu mno. Ila sasa nina familia yangu na bado kila jambo nakumbushwa, nikichelewa kikao naambiwa "bila mimi ungekuwa wapi". Mwezi uliopita alitaka nisaini kama shahidi kwenye karatasi za kiwanja kwamba nilikuwepo siku ya mauziano, na mimi sikuwepo. Nikakataa. Akasema mbele ya watu fadhila za punda ni mashuzi. Je nimekuwa mkosefu wa shukrani? Silali vizuri. (Niliyelelewa)

JIBU: Hapana mwanangu, lala.

Shukrani na kutii kila kitu ni mambo mawili, na watu wengi wameumizwa kwa kuyachanganya. Soma Sura Luqman, aya ya 14 mtu anaambiwa amshukuru Mungu na awashukuru wazazi wake, wametajwa pamoja kabisa, aya ya 15 inayofuata pale pale anaambiwa wakimlazimisha kumshirikisha Mungu asiwatii, ila akae nao duniani kwa wema. Zimefuatana hivyo. Anayestahili shukrani kubwa kuliko wote, mzazi, bado kuna mahali anaambiwa hapana, na hiyo hapana haimfuti mtoto kwenye orodha ya wenye shukrani.

Na ulichoombwa sio kitu cha kupepesa macho. Ushahidi wa uongo umekatazwa kwenye zile Amri Kumi, na Mtume alipokuwa anayataja madhambi makubwa kabisa alikuwa ameegemea, alipofika kwenye ushahidi wa uongo akainuka akakaa sawasawa, akawa analirudia na kulirudia mpaka waliokuwepo wakatamani anyamaze. Hiyo iko kwa Bukhari na Muslim, wale wakusanyaji wakubwa wa hadithi za Mtume. Kiwanja kina mwenyewe, kina mnunuzi, huenda kina na watoto wa mtu ambao watakuja kufukuzwa kwa sahihi yako wewe. Huwezi kumlipa mtu fadhila kwa mali ya mtu mwingine.

Sasa upande wako. Ile kwamba anasimanga haikuondolei wewe wajibu. Kuna hadithi asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu, na nyingine inasema aliyekufanyia wema umlipe, ukikosa cha kumlipa umuombee dua mpaka uone umemlipa. Kwa hiyo endelea kwenda kumuona, tena nenda siku ambayo hakuna kikao wala shida, uende tu. Na ukimshukuru usiseme asante kwa yote, hiyo haimfikii mtu, mwambie kitu kimoja unachokikumbuka. Mfano, "Baba, ile siku nilipougua ukaniinua mwenyewe ukanibeba usiku, sijasahau." Mtu akitajiwa kitu kile kile chenyewe anajua kweli umekiona, na nakwambia wengi wanaosimanga wanasimanga kwa sababu hawana uhakika kama unakumbuka. Sio wote. Wengine ni tabia tu, na huyo utamvumilia kwa umbali kidogo.

Ya karatasi akiirudia mjibu kwa adabu, mfupi, "Baba hilo siwezi, nikuhudumie kwa lingine", bila kuanza kumpa mawaidha, maana ukimfungulia Kurani na Biblia, wewe mtoto aliyekulea mwenyewe, hapo ndo utawasha moto.

SWALI: Sisi ni kikundi cha marafiki, tunachanga tunasaidia wagonjwa na yatima. Mwenzetu mmoja anapiga picha kila mtu anayepewa na kuposti, anasema inahamasisha na inaonyesha hela imefika. Wengine tunaona aibu. Mkono wa kushoto usijue, si ndivyo? (Mweka hazina)

JIBU: Ndivyo, ila sio nusu nusu. Mathayo 6 inakataza kupiga panda mbele yako ili utukuzwe na watu, ugomvi wake ni na nia. Na Al-Baqara 271 inasema mkizidhihirisha sadaka ni vizuri, na mkizificha mkawapa mafukara ni bora zaidi kwenu. Kwa hiyo wazi sio haramu. Kuna siku walikuja kwa Mtume watu wa kabila la Mudhar, hawana viatu, nguo zimewachanika, mpaka uso wake ukabadilika kwa kuwahurumia. Akahimiza watu watoe. Akaja mtu mmoja wa Answari, wale wenyeji wa Madina waliompokea Mtume, kabeba mfuko mzito mkono wake unakaribia kushindwa kuubeba, watu walipomuona nao wakafuata mmoja mmoja mpaka zikawa malundo mawili ya vyakula na nguo, na Mtume akafurahi, akasema anayeanzisha jambo jema anapata ujira wake na ujira wa watakaomfuata. Huyo alitoa mbele za watu na ikahamasisha kweli. Lakini kilichoonekana ni mfuko wake, sio aibu ya waliopokea.

Hapo ndo nawaomba mkate mstari. Mimi hizi picha nazijua, mtoto kasimamishwa katikati ya watu wazima sita waliovaa fulana za kufanana, kashikishwa mfuko kifuani, macho chini, wengine wote wanacheka na kamera. Mtoto huyo ana wenzake darasani, na wenzake wana simu au wazazi wao wana simu. Miaka inayokuja atakuwa mtu mzima anatafuta kazi na hiyo picha bado ipo. Umempa mfuko mmoja umechukua uso wake, na hakuna mtu aliyemuuliza, na hata angeulizwa angekataaje wakati mfuko bado uko mkononi mwako?

La hesabu ni la haki kabisa na wewe mweka hazina lisikuchoshe. Hata Paulo kwenye 2 Wakorintho 8, alipokuwa anakusanya michango ya kupelekea waumini wenzao, alipeleka na watu wengine wanaoaminika kusudi asije akalaumiwa kwa habari ya zile hela. Hakutuma picha za masikini, alituma mashahidi. Nyie nanyi muende wawili kila mara, mpige picha vitu kabla havijatoka kwenye gari, risiti zote ziwekwe kwenye grupu, na jina la aliyepokea likae kwenye daftari lako tu. Anayetaka kuhakikisha aje asome. Na huyo mwenzenu mpenda kamera msimfukuze, mpeni kazi ya kurekodi wanaochanga, uone kama ataifanya kwa bidii ile ile, hahaha.

SWALI: Shangazi nadaiwa na rafiki yangu mwaka wa pili huu. Kila nikipata naanza na sadaka, fungu la kumi sijawahi kuruka, nikitegemea Mungu atafungua njia nilipe. Rafiki yangu juzi kaniona natoa bahasha akakasirika sana. Nani ana makosa? (Mtoaji)

JIBU: Wewe.

Samahani kwa ufupi lakini dawa ya deni ni kulipa. Hebu jiweke kwenye viatu vyake, mtu kakuamini na hela yake, miaka miwili unapita njia nyingine ili usikutane naye, halafu anakuona unaitoa hela yake kwa bahasha na unapewa baraka. Maana ile ni hela yake, ndo neno lenyewe. Unatoa sadaka ya mtu bila ruhusa yake.

Mathayo 5:23 na 24 inasema ukileta sadaka yako madhabahuni ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka hapo hapo mbele ya madhabahu uende ukapatane naye kwanza ndipo urudi uitoe. Na kwenye Marko 7 Yesu aliwasema kweli kweli waliokuwa wanawaambia wazazi wao kile ambacho kingewasaidia ni Korbani, yaani kimeshawekwa wakfu kwa Mungu, kwa hiyo mzazi hapati kitu. Watu wa kutumia altare kukwepa wajibu hawajaanza leo. Kwa Waislamu nako mambo ni makali, Mtume aliletewa jeneza akauliza ana deni, akaambiwa anadaiwa na hajaacha kitu, akawaambia wamsalie wenyewe, mpaka swahiba wake Abu Qatada aliposema hilo deni liko juu yangu ndipo akasali. Na Imamu Bukhari kwenye kitabu chake cha zaka ana mlango mzima kwamba sadaka ni ya ziada, na aliye na deni, deni lina haki zaidi ya kulipwa.

Nenda kwa rafiki yako na kiasi chochote ulichonacho leo, hata kama ni kidogo cha kuchekesha, umpe na tarehe ya kinachofuata, na tarehe hiyo uitimize. Mtu anakasirika zaidi na ukimya kuliko na uhaba. Na kiongozi wako wa dini mweleze wazi kwamba unalipa deni kwanza, akiwa mtu wa Mungu atakuelewa, asipokuelewa basi umeshajua kitu.

Kuna neno na kwa rafiki mtu akimuonyesha gazeti hili. Al-Baqara 280 inasema mdaiwa akiwa kwenye dhiki apewe muda mpaka afarijike, na kumsamehe kama sadaka ni bora kwenu. Ila hiyo ni haki ya rafiki kuitoa akipenda, sio ya kwako wewe kumkumbusha! Nimeona wadaiwa wanaijua hiyo aya kuliko aya nyingine zote.

SWALI: Niliwahi kuwa mhasibu mahali. Nilikuwa naongeza kidogo kwenye risiti, kidogo kidogo ikawa nyingi. Nimeacha kazi ile na nimetubu kwa kweli. Nataka nichukue kiasi chote nichimbishe kisima kwa watu wenye shida ya maji. Itakuwa imesafishika? (Ninayetafuta amani)

JIBU: Hongera kwa kutubu na hongera kwa kukumbuka kiasi, wengi hujifanya wamesahau hesabu.

Lakini kisima subiri. Hiyo mali ina mwenyewe, na mwenyewe unamjua, anwani yake unaijua. Zakayo alipotubu kwenye Luka 19 alisema nusu ya mali yangu nawapa masikini, na kama nimemnyang'anya mtu kitu namrudishia mara nne. Yapo mambo mawili pale na watu hupenda kukumbuka la kwanza tu. Masikini walipewa mali yake Zakayo, walioibiwa walirudishiwa ya kwao, hakuwapa masikini kilichokuwa cha walioibiwa. Hata wale makuhani wakuu waliopanga kumkamata Yesu, Yuda alipowatupia vile vipande thelathini vya fedha walijua haifai kuviweka kwenye sanduku la hazina ya hekalu, Mathayo 27, wakanunulia konde la kuzikia wageni. Na hadithi aliyoipokea Muslim inasema Mwenyezi Mungu ni mwema na hakubali ila kilicho chema, kisha akatajwa msafiri kachoka kachafuka, kainua mikono anaomba ee Mola, ee Mola, na chakula chake cha haramu na nguo zake za haramu, basi atajibiwa vipi?

Utaratibu ambao wanazuoni wengi wa Kiislamu wanautoa ni huu, mwenye mali akijulikana anarudishiwa, akiwa amekufa wanapewa warithi wake, na ukitafuta ukakosa kabisa ndipo unaitoa kwa ajili yake mwenyewe, sio kama sadaka yako ya kutafutia thawabu. Sasa wewe uko kwenye hatua ya kwanza. Najua unachoogopa, unaogopa kushtakiwa na kuchafuka. Cha msingi ni mali imfikie mwenyewe, hakuna anayekulazimisha usimame mlangoni upige kelele. Ongea kwanza na mwanasheria au kiongozi wa dini anayejua kufunga mdomo akusaidie kuipitisha, na kama huna yote kwa mkupuo rudisha kwa mafungu. Kisima uchimbe baadaye kwa jasho lako, hata kama kitachelewa.

Kuna msomaji mwingine kauliza hili hili ila yeye bado yuko kazini na bado anaongeza kwenye risiti, na anataka kujua atoe asilimia ngapi ili iliyobaki iwe safi. Ndugu yangu, hakuna asilimia. Acha kwanza halafu uniandikie.

HARAKA HARAKA

"Mtu mwenye nguvu zake anaomba barabarani, nimpe nisimpe, na nikimpa akaenda kulewa dhambi ni ya nani?" Huwezi kujua yote kwa kumtazama. Kuna hadithi ya mtu aliyetoa sadaka usiku bila kujua ikaangukia kwa mwizi, usiku mwingine kwa mzinifu, usiku mwingine kwa tajiri, watu wakawa wanamsema, na bado ilipokelewa, huenda mwizi angeacha wizi na tajiri angejifunza kutoa. Nia yako umeshaandikiwa. Ila kama unamuona kila siku na unaweza zaidi, mwanachuoni wa Kiyahudi Musa bin Maimun, aliyefariki 1204, alizipanga sadaka ngazi nane na ya juu kabisa ni kumpa mtu mkopo au kumuingiza kwenye kazi mpaka asihitaji kuomba tena. Ya chini kabisa ni kutoa huku umenuna. Kwa hiyo hata ukitoa kidogo, usimkunjie uso.

"Nina zaka yangu na dada yangu wa tumbo moja ana shida ila ana aibu sana, naweza kumpa?" Kama matumizi yake hayako juu yako kisheria, unaweza, na kumpa jamaa kunahesabiwa sadaka na kuunga udugu kwa pamoja. Na wanazuoni wengi wanasema si lazima umtajie kwamba hii ni zaka. Mpe tu.

"Kiongozi wetu anasema hata asiye na kitu lazima atoe, kama yule mjane wa senti mbili." Marko 12, kuanzia mstari wa 41. Mwombe asome na mstari wa 40, unaowasema wale wanaokula nyumba za wajane huku wanasali sala ndefu. Mjane alisifiwa, hakulazimishwa na mtu. 2 Wakorintho 9:7 inasema kila mtu kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni wala si kwa lazima.

"Nataka kugawa nguo za watoto walizokulia, nyingine zina matundu, si bora kuliko kutupa?" Al-Baqara 267 inasema msikusudie kutoa kibaya ambacho nyie wenyewe msingekipokea ila kwa kufumba macho. Kwa hiyo fua, piga pasi, zipu ijaribu kama inapanda, kifungo kilichotoka kishone, na yenye tundu kata iwe tambara la kufutia. Mtoto atakayevaa ataulizwa na wenzake kaitoa wapi.

Walioniuliza ya mirathi nimeyapata yote, ni mengi na yana hesabu zake, toleo lijalo nitakaa na mtu anayeijua hiyo hesabu tuyajibu pamoja. Na yule aliyeniandikia saa nane za usiku anataka kujua kama amshukuru jirani aliyemuazima ngazi mwaka jana na bado hajairudisha, mwanangu, rudisha ngazi.